Mwalimu Mbali, Wenzi Karibu: Historia Fupi ya Mafunzo ya Watu Wazima Kazini

Siku hizi mfanyakazi wa benki, wa hospitali, wa ofisi ya serikali na hata mwalimu wa shule huarifiwa na wakuu wake kwamba yako mafunzo ya lazima katika mtandao. Basi huketi peke yake mbele ya kompyuta, au huiinamia simu yake ya mkononi, akatazama picha na kusikiliza sauti ya mtu asiyemjua. Hubofya kitufe cha kuendelea, hujibu maswali kumi ambayo majibu yake amekwisha kuyaona, kisha hupewa cheti. Ukimwuliza kesho yake amejifunza nini, hucheka.

Mimi mwenyewe ninavyo vyeti vitatu vya namna hiyo. Nilipokuwa nikikitafuta cha tatu, tulikuwa walimu saba katika chumba kimoja, kila mmoja na simu yake, sote tukisoma somo lile lile kwa muda wa saa nzima, wala hapana aliyemsemesha mwenziwe. Chai ilipoletwa, mwenzetu mmoja akauliza maana ya jambo lililotajwa katika somo. Palizuka mjadala mkali ulioendelea hata vikombe vikapoa. Ninayoyakumbuka leo katika mafunzo yale ni yale tuliyobishania wakati wa chai.

Wako wasemao kwamba upweke huu ni tabia ya mashine, na kwamba hauna dawa. Wengine husema kwamba ni jambo jipya ambalo bado hatujalizoea. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba maneno yote mawili si sahihi. Kumfundisha mtu mzima aliye mbali, asiyeweza kuacha kazi yake, ni jambo lenye umri wa zaidi ya miaka 180. Katika muda wote huo chombo kimebadilika mara nyingi: barua, redio, televisheni, kompyuta. Lakini swali limebaki lile lile, nalo ni hili: mwalimu akiwa mbali, ni nani atakayekuwa karibu na mwanafunzi?

Barua na stempu

Mwaka 1840 serikali ya Uingereza iliweka nauli moja ya barua, peni moja, kwa nchi nzima. Mwaka huo huo mwalimu mmoja wa mji wa Bath, Isaac Pitman, aliyekuwa amebuni hatimkato, alianza kuwafundisha watu hati hiyo kwa posta. Mwanafunzi aliandika aya za Biblia kwa hatimkato, akazituma, zikasahihishwa, zikarudishwa. Wanafunzi wengi walikuwa makarani na watu wa kazi ambao hawakuwa na nafasi ya kuhudhuria darasa.

Wanafunzi waliongezeka kupita uwezo wa mtu mmoja. Kwa hiyo mwaka 1843 kiliundwa chama cha kushughulikia barua hizo, na waliokwisha kuijua hati wakawa wasahihishaji wa wale wanaoanza. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Elimu kwa njia ya posta haikutimiza hata miaka mitano kabla ya kuhitaji jamaa ya wasomi, ambamo aliyetangulia humshika mkono anayefuata.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1873, Anna Eliot Ticknor alianzisha katika mji wa Boston, Marekani, chama cha kuwasaidia wanawake kusoma nyumbani kwao. Zama zile milango ya vyuo vingi ilikuwa imefungwa mbele ya mwanamke. Kila mwanafunzi aliandikiana na mwalimu wake kila mwezi, naye alijibiwa kwa barua iliyomhusu yeye mwenyewe. Chama kilikuwa na maktaba iliyotuma vitabu kwa posta, na mara moja kwa mwaka wanachama walioweza kusafiri walikutana Boston. Hadi kilipofungwa mwaka 1897, mwaka mmoja baada ya kufa kwa mwasisi wake, wanawake zaidi ya 7,000 walikuwa wamepitia humo.

Baadaye elimu ya posta ikawa biashara kubwa. Yalitokea makampuni yaliyouza masomo kama bidhaa nyingine yoyote: mwanafunzi hulipa, hupokea furushi la vitabu, kisha huachwa na ukimya. Wengi walilipa na wachache wakamaliza. Msomaji anayekumbuka masomo ya posta yaliyotangazwa katika magazeti yetu ya zamani hatahitaji kuelezwa zaidi.

Redio na kikundi

Redio ilipokuja, ilionekana kwamba shida ya umbali imekwisha. Sauti moja ingeweza kufika katika nyumba laki moja kwa wakati mmoja. Lakini redio husema tu, yenyewe haisikii. Waliolitambua jambo hili mapema zaidi ni watu wa elimu ya watu wazima, nao wakaunda vikundi vya kusikiliza.

Mfano mashuhuri ni wa wakulima wa Canada. Kuanzia mwaka 1941 hadi 1965, shirika la utangazaji la nchi hiyo, likishirikiana na chama cha elimu ya watu wazima na shirikisho la wakulima, lilitangaza kipindi cha jioni ya Jumatatu katika majira ya baridi. Majirani walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao. Walikuwa wamekwisha kusoma kijitabu cha mada, walisikiliza kipindi, walijadiliana, kisha katibu wa kikundi aliandika maoni yao na kuyapeleka kwa katibu wa jimbo. Kila baada ya majuma kadhaa yalisomwa redioni yale vikundi vilivyosema. Mwito wao ulikuwa wa maneno manne: soma, sikiliza, jadili, tenda. Mwaka 1949 na 1950, harakati hiyo ilipofikia kilele chake, palikuwa na vikundi vipatavyo 1,600 vyenye watu karibu 30,000. Mwaka 1956 India, kwa msaada wa UNESCO, iliujaribu mpango wa namna hiyo katika vijiji 150 vya wilaya za Poona na jirani zake, na mbegu hiyo ikaja mpaka Afrika.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, nchi iliyoipalilia mbegu hiyo kwa bidii kuliko nyingine ni Tanzania, tena kwa lugha yetu ya Kiswahili. Mwaka 1969 ulifanywa mpango wa kwanza mdogo, wa kuwaeleza wananchi Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Mwaka 1970 ukafuata "Uchaguzi ni Wako", na mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, "Wakati wa Furaha". Kisha mwaka 1973 ikaja "Mtu ni Afya".

Kampeni hii yastahili kuelezwa kwa kituo, kwani ndani yake mna siri ya mambo tunayoyazungumza. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haikuanza kwa kutayarisha vipindi peke yake. Ilianza na watu. Wakufunzi wachache walifundishwa. Hao wakafundisha wengine mikoani na wilayani. Na hao nao wakafundisha viongozi wa vikundi katika vijiji na mitaa. Viongozi zaidi ya 70,000 walipata mafunzo ya siku chache kabla ya redio kutamka neno la kwanza. Walifundishwa kutokujifanya waalimu. Kazi yao ilikuwa kukisoma kitabu kwa sauti, maana wengi katika kikundi walikuwa hawajui kusoma, kuuliza, na kuhakikisha kwamba hata mnyamavu amesema.

Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vyao. Walisikiliza na kusoma habari za malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Baada ya kusikiliza waliulizana: je, maradhi haya yako hapa kwetu? Yanatokana na nini? Na sisi tulioketi hapa tutafanya nini kabla ya kukutana tena? Jibu la swali la mwisho lilikuwa la jembe na panga: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba vyoo. Vyoo vilivyochimbwa katika kampeni ile vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1975 ulifuata mpango wa "Chakula ni Uhai" kwa mtindo huo huo.

Sauti ya redio ilikuwa ile ile kwa kila mtu. Aliyeisikiliza peke yake nyumbani alipata habari. Aliyeisikiliza kikundini alipata habari, pamoja na jirani wa kumwuliza, na ahadi mbele ya wenziwe ambayo ilikuwa aibu kutoitimiza.

Mafunzo mahali pa kazi

Mwaka ule ule wa 1973, Waziri Mkuu wa Tanzania, marehemu Rashidi Kawawa, alitoa waraka ulioagiza kwamba kila mahali pa kazi pawe na mpango wa elimu ya wafanyakazi. Fikira iliyokuwamo ni nzito. Kujifunza kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi, wala si jambo la kumwibia mfanyakazi saa zake za kupumzika. Ni kweli kwamba waraka haukufuatwa kwa ukamilifu kila mahali. Kila mwajiri huzitazama saa za uzalishaji kwa jicho lake. Lakini kanuni iliwekwa, nayo haijapitwa na wakati.

Mfano unaotuhusu sisi walimu zaidi ni ule uliofuata Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa Tanzania waingie shule ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu havingeweza kutoa walimu wa kutosha katika muda mfupi hivyo. Basi kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza elimu ya msingi walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Walisoma masomo ya posta, walisikiliza vipindi vya redio, na walikutana vituoni na wakufunzi waliowaongoza na kuwaangalia darasani; mwishowe walikaa chuoni kwa majuma machache. Walioandikishwa walizidi 40,000, na waliohitimu walizidi 35,000. Watu wamewasema sana walimu hao wa UPE, na huenda lawama nyingine zina haki yake. Lakini hesabu ya waliomaliza ni ya kustaajabisha kwa elimu ya mbali ya mahali popote duniani. Kijana yule hakuwa peke yake: alikuwa na wenziwe kituoni, mkufunzi aliyemjua kwa jina, na watoto waliomngojea kila asubuhi.

Uganda nayo ina kisa chake. Katika miaka ya 1990, baada ya vita na misukosuko, shule nyingi za msingi za wilaya za kaskazini zilikuwa mikononi mwa walimu wasiosomea ualimu. Kuwaondoa ili waende vyuoni kungekuwa kuzifunga shule zenyewe. Walimu zaidi ya 3,000 waliingizwa katika mpango wa kusoma wakiwa kazini: waliletewa vitabu vya masomo, walikutana na wakufunzi wakati wa likizo, na kati ya likizo na likizo walikutana wenyewe kwa wenyewe, rika kwa rika, kuyajadili waliyoyasoma. Katika nchi ambayo barabara nyingine zilikuwa hazipitiki kwa hofu ya bunduki, mwenzi wa kusoma naye alikuwa ni yule aliye shule ya jirani.

Kompyuta

Wengi hudhani kwamba mafunzo ya kompyuta yalianza juzi. La hasha. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza kuitumia mashine iliyoitwa PLATO kufundishia wanafunzi. Fikira ya waundaji ilikuwa mwanafunzi na mashine yake tu: mashine huuliza, mwanafunzi hujibu, mashine husahihisha. Lakini mwaka 1973 vijana wawili wa pale walitunga programu mbili. David Woolley alitunga moja iliyokusudiwa watu waandike kasoro walizoziona katika mashine, na wengine wajibu. Doug Brown alitunga nyingine iliyowawezesha watu kadhaa kuandikiana papo kwa papo. Kabla ya muda mrefu programu hizo zikawa barazani: watu wakaulizana masomo, wakabishana, wakataniana, wakafanya urafiki na watu ambao hawajapata kuwaona. Mashine iliundwa kwa ajili ya mtu mmoja, lakini watu wenyewe waliigeuza kuwa uwanja wa mazungumzo.

Funzo hilo limesahauliwa mara nyingi. Mwaka 2008 walimu wawili wa Canada, George Siemens na Stephen Downes, walifungua somo katika mtandao kwa yeyote aliyetaka, nao wakalijenga juu ya mazungumzo ya wanafunzi wenyewe. Watu zaidi ya 2,000 wakajiunga. Miaka minne baadaye makampuni makubwa yaliichukua fikira ya kufungua mlango, lakini yakayaacha mazungumzo yawe jambo la pembeni. Yalirekodi mihadhara ya maprofesa mashuhuri na kuwaandikisha watu kwa mamia ya maelfu. Waliomaliza aghalabu hawakufika 15 katika kila 100. Ni furushi lile lile la zamani la posta, isipokuwa sasa linafika bila ya stempu.

Tofauti yake yaonekana tukitazama Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanza kufundisha Januari 1971 kwa wanafunzi zaidi ya 20,000, wengi wao wakiwa watu wazima wenye kazi. Watu huzikumbuka sana televisheni na redio zake. Lakini tangu mwanzo kila mwanafunzi alipewa mkufunzi wake, vikundi vya masomo vilikutana katika miji mbalimbali, na masomo mengi yalikuwa na juma zima la kukaa pamoja wakati wa kiangazi.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga milango, Uganda ilizifunga shule zake, na zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Waajiri wengi duniani waliyahamishia mafunzo yao katika mtandao kwa haraka, na hata baada ya maradhi kupungua, wengi hawakuyarudisha. Gharama ni ndogo: hapana nauli, hapana posho, hapana chakula. Ndiyo maana jambo hili lina uzito kwetu. Likiachwa lilivyo, mtu mzima atazoea kudhani kwamba kujifunza ni kubofya, na mwajiri atazoea kudhani kwamba cheti ni elimu.

Mafunzo ya historia hii

Naona mambo manne yanayojirudia katika visa hivi vyote.

La kwanza, kikundi hakijiundi. Kuwaweka watu 200 katika orodha moja ya simu si kuunda kikundi. "Mtu ni Afya" ilitumia nguvu nyingi zaidi kuwatayarisha viongozi kuliko kutengeneza vipindi. Mafunzo ya mtandao nayo yahitaji mtu katika kila ofisi au shule aliyefundishwa namna ya kuongoza mazungumzo, na vikundi vya watu wachache wanaojuana.

La pili, mazungumzo yawe na kazi ya kuishia. Watu wazima hawapendi kuambiwa "jadilianeni" kama watoto wanaopotezewa muda. Waulizwe: jambo hili liko hapa kwetu? Tutafanya nini juma hili? Kisha warudi waseme walichofanya.

La tatu, sauti ya mwanafunzi irudi. Mkulima wa Canada alijua kwamba maoni ya kikundi chake yangesomwa. Mwanafunzi wa Boston alijua kwamba barua yake ingejibiwa. Maoni yakiandikwa katika mtandao na yasisomwe na mtu, hayataandikwa mara ya pili.

La nne, wakati utolewe. Mazungumzo hayawezi kufanyika usiku wa manane, kila mtu nyumbani kwake, akilipia intaneti kwa fedha yake mwenyewe. Waraka wa mwaka 1973 ulilijua hilo.

Nisieleweke kuwa naisifu kila njia ya kikundi. Viko vikundi vilivyotekwa na mzee mmoja msemaji, na viko ambavyo wanawake waliketi nyuma wakanyamaza hadi mwisho. Tena wako watu ambao huelewa vizuri zaidi wakisoma kwanza peke yao, katika utulivu. Wenye haya nao huweza kuandika katika mtandao yale wasiyothubutu kuyasema barazani. Hiyo ni faida ambayo redio haikuwa nayo, wala si vyema kuitupa. Kusoma peke yako na kuzungumza na wenzio havipingani. Mwito wa wakulima wa Canada ulianza na neno "soma".

Walimu wenzangu wa Kiswahili, sisi tuna nafasi yetu katika jambo hili. Katika nchi zetu za jirani wengi wetu tumetawanyika, mwalimu mmoja wa somo hili katika shule nzima, na mafunzo tunayoletewa kwa mtandao hutukuta mmoja mmoja. Tusingoje mpango mkubwa kutoka juu. Wakija na somo, walimu wanne au watano wa shule zilizo karibu na wakubaliane siku moja. Kila mmoja asome kwanza kwa simu yake. Kisha wakutane, hata chini ya mwembe, na simu zizimwe. Mmoja aulize, mmoja aandike, na kabla ya kuachana kila mtu aseme atajaribu nini darasani kwake kabla ya kukutana tena. Yaliyoandikwa yapelekwe kwa hao waliotutumia somo, wapate kujua kwamba upande wa pili wa mtandao wako watu.